Kuanza Upya Kila Jumapili

Jioni moja ya Jumatano nilifika nyumbani nikakuta mama amekaa kwenye ngazi ya jikoni, gunia la majani liko wazi mbele yake. Majani ya chai yakilala kwenye gunia yanajipika yenyewe. Ukiingiza mkono unasikia joto kama la mtoto mwenye homa, na ukiyatoa yamekuwa rangi ya tumbako. Mama alikuwa anayatoa kidogo kidogo, ananusa, anamwagia ng'ombe, na ng'ombe naye hakuyataka.

"Lori halikukuja," akasema.

"Lilikuja Jumatatu, mama."

"Mashine yako iliniambia kesho. Jana asubuhi simu imelia, nikasoma, imeandikwa kesho. Leo nimeamka na giza nikachuna. Nimekaa pale bayingi mpaka jua likaanza kushuka. Na sikuwa peke yangu. Tulikuwa wamama wote wa huku chini, tumekaa juu ya magunia kama watu wa matanga."

Bayingi ni kile kibanda cha mabati kando ya barabara ambapo majani hupimwa na kupakiwa kwenye lori. Na hiyo aliyoiita mashine yangu ilikuwa seva ya meseji ya kikundi cha wakulima wa kwetu, upande wa Nyaramba. Seva ni neno kubwa. Ilikuwa kompyuta kuukuu imewekwa juu ya meza katika chumba kimoja kwenye ploti ya kanisa, imeunganishwa na kidude chenye laini ya simu. Kila Ijumaa asubuhi tulikuwa tunapigiwa simu kutoka kiwanda cha chai kuambiwa lori litapita wapi wiki inayofuata, kwa sababu siku zinabadilika mvua ikiharibu barabara. Mimi naingiza ile ratiba, na mashine yenyewe, kila jioni, inawatumia watu wa upande unaohusika meseji fupi: lori litapita kesho, chuneni.

Kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani nikipika obokima, ugali wetu, na kukata nyasi ya ng'ombe, halafu mama akasimama kwenye mkutano wa kikundi akasema binti yake anajua kompyuta. Nilikuwa najua kuiwasha. Lakini mama akisimama kwenye mkutano watu hunyamaza, basi nikapewa kazi.

Kabla ya seva, habari ya lori ilikuwa inapigiwa kelele. Mtu wa juu kwenye barabara anaita wa chini yake, huyo anaita wa ng'ambo, hivyo hivyo mpaka bondeni. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabisa, karibu na mto. Mvua ikinyesha hatusikii chochote. Mvua isiponyesha, mto wenyewe unapiga kelele kuliko watu. Miaka yote ninayokumbuka, mama alikuwa anasikia habari ya lori wakati lori lenyewe liko njiani kuondoka, na ungemwona anapanda ule mlima na gunia mgongoni, anakimbia, watu wa juu wanamwambia pole. Ndiyo maana yeye ndiye aliyeitaka sana hiyo mashine. Kwa wengine ilikuwa kitu cha kujivunia. Kwake ilikuwa kutokimbia tena ule mlima.

Sasa mashine ilikuwa inamdanganya.

Asubuhi iliyofuata mwenyekiti wa kikundi alikuja ofisini. Yeye pia ni mzee wa kanisa letu, mtu wa suti ya kijivu hata siku ya kazi. Hakukaa.

"Msichana," akasema, "watu wamemwaga majani."

"Najua, mzee. Hata mama yangu."

"Hiyo kitu ina nini?"

Nikamwonyesha. Saa ya kompyuta ilikuwa nyuma. Kwetu ilikuwa Alhamisi, kwake ilikuwa bado Jumanne jioni. Kwa hivyo ile meseji ya kutumwa Jumapili jioni ilikuwa inatoka Jumanne asubuhi, wakati lori limeshakuja na kuondoka. Na kwa sababu meseji ilikuwa inasema "kesho" bila kutaja siku, mtu anaisoma na kuamini.

Tukampigia fundi wa Kisii tauni aliyeiweka. Huyo fundi alikuwa ameiweka kwa haraka, akaweka programu mpya juu ya nyingine ya zamani bila kuitoa, na hata saa aliacha imesetiwa nchi nyingine sijui wapi. Nilimweleza yote. Akasema, "Sista, hiyo imeingiliana. Futa yote, anza upya." Nikamuuliza naanzia wapi. Akasema yuko kwenye mkutano. Tangu hapo simu yake ikawa inalia bila mtu kushika.

Basi nikafuta yote.

Aliyewahi kufuta kitu cha watu wengi akiwa peke yake chumbani anajua ule moyo. Mashine inakuuliza una uhakika, unasema ndiyo, inakuuliza tena, unasema ndiyo, halafu kioo kinakuwa cheusi na unaanza kujiuliza kwa nini inauliza mara mbili. Nilikuwa nasoma maelekezo kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, mstari mmoja mmoja, nikikosea narudi mwanzo. Mambo ya kusubiri siyawezi mimi. Kuna mahali mashine inaonyesha kamstari kanakotembea, na haka kamstari kanafika karibu na mwisho kanakaa. Unaenda choo unarudi, kamekaa. Nilikuwa nakapigia kelele.

Namba za simu za wakulima nazo zilienda, kwa sababu huyo fundi alikuwa amezificha mahali anapopajua yeye na Mungu. Ikabidi watu waje ofisini kuziandikisha tena. Walipanga foleni mpaka kwenye ua wa kanisa, na kila mtu alitaka kwanza kunisalimia, kuniuliza habari ya mama, habari ya ng'ombe, habari ya masomo, na mimi nataka namba tu.

"Bwakire," mzee mmoja akaniamkia.

"Bwakire buya, mzee. Namba?"

"Andika ya mjukuu wangu. Yuko Nairobi."

"Mzee, lori linapita hapa. Mjukuu yuko Nairobi. Atakuambiaje?"

"Atanipigia."

"Kwa simu gani?"

"Ya jirani."

"Basi si unipe ya jirani moja kwa moja?"

Mzee akaniangalia kama mtu asiye na akili. "Jirani hatuongei."

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja nyuma akasema, "Huyo jirani ni mimi, na simu yangu haipokei meseji zake," wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka mpaka macho. Nikaandika ya mjukuu.

Jumapili nikamaliza, saa iko sawa, ratiba imeingia, jioni meseji ikatoka. Nilikuwa nyumbani. Simu ya mama ililia ikiwa juu ya kabati, akafuta mikono, akasoma kwa sauti kama anayesoma tangazo kanisani: lori litapita kesho, chuneni. Kesho yake lori likapita kweli. Alirudi kutoka bayingi anatembea polepole, gunia tupu limekunjwa kichwani, na wiki hiyo yote meseji zilitoka vizuri. Nikasema nimeweza.

Ijumaa mchana nilifunga ofisi kama kawaida. Kila Ijumaa nilikuwa naenda Kisii tauni kwa darasa la kompyuta, kisha nalala kwa shangazi Mosocho, nashika Sabato ya Jumamosi huko, na Jumapili mchana ndio narudi. Nilirudi hiyo Jumapili nikapitia ofisini kuangalia tu. Mashine inawaka, taa yake ya kijani inapepesa kama kawaida. Nikaangalia saa.

Ijumaa jioni.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilikuwa naangalia ile saa inavyoendelea mbele kwa amani, dakika baada ya dakika, iko Ijumaa na haina wasiwasi. Nikafikiria stima. Kwetu stima hupotea ovyo, lakini fundi alikuwa ametuletea betri kubwa ya kuweka chini ya meza, na hiyo ilikuwa nzima, imejaa. Nikasema basi ni programu. Nilikosea mahali. Kuna kitu sikufuta vizuri.

Nikafuta tena. Safari hii namba nilikuwa nimezihifadhi kwenye flashi, kwa hivyo haikuwa foleni, lakini yale mengine yote ilibidi yaanze mwanzo: kile kioo cheusi, kale kamstari. Meseji ya jioni ilichelewa, wengine hawakuipata mpaka wamelala, lakini ilitoka. Wiki ikaenda vizuri. Na Jumapili iliyofuata nilipofika kutoka Mosocho, mashine ilikuwa iko Ijumaa jioni tena. Mvua ilikuwa imebeba daraja upande wa Nyamira, nilifika nimechelewa sana, na kabla sijamaliza kurekebisha, jioni ikapita bila meseji. Jumatatu lori likaja, watu wa bondeni hawakujua.

Mama hakuniambia kitu. Hiyo ndiyo mbaya. Nilimkuta anapalilia mboga za chinsaga nyuma ya nyumba, majani ya chai yamerefuka shambani, yamepita kiasi, na yeye anang'oa magugu tu.

"Si useme," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Umekula?" akaniuliza.

Kamati ilikaa siku hiyo hiyo. Nilisimama mlangoni kwa sababu viti vilijaa. Mwenyekiti akasema hakuna haja ya maneno mengi, hii kitu imeshafutwa na kuanzwa upya, imefutwa tena na kuanzwa upya, na bado haijui leo ni lini. Mjumbe mmoja wa upande wa juu, ambaye lori linapita karibu na mlango wake, akasema turudi kwa kelele, kelele haihitaji stima.

"Kelele haifiki kwangu," mama akasema.

"Mama, tutaongeza sauti."

"Umekuwa ukisema utaongeza sauti tangu niolewe hapa."

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alisimama. Alikuwa bado ana gambuti zenye udongo.

"Mpeni huyu msichana Jumapili moja tu," akasema. "Ikikosea, mimi mwenyewe nitakuja kuibeba hiyo mashine niitoe nje."

Nilitamani ardhi inimeze. Angekuwa amenigombeza nyumbani ningejua la kufanya. Lakini kusimama vile mbele ya watu, na majani yake ndiyo yamemwagwa kuliko ya mtu mwingine. Nilirudi ofisini nikaangalia ile taa ya kijani nikaiambia kwa sauti, "Wewe unataka nini kwangu?"

Nilichokuwa najua ni kimoja. Tangu Jumatatu mpaka Ijumaa saa inatembea vizuri. Kitu kinatokea nikiwa Mosocho. Kwa hivyo Ijumaa hiyo sikuenda darasa. Nilimpigia shangazi nikamwambia sitakuja, sikumwambia mtu mwingine, nikafunga mlango kwa ndani nikakaa kwenye kiti kuangalia saa ya mashine kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya miti ya kanisa niliposikia ufunguo. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama na ufunguo wa mlinzi wa kanisa, ndoo mkono mmoja, tambara mkono mwingine.

"Haiya! Kwani hujaenda?"

"Sijaenda. Wewe unafanya nini huku?"

"Si ni siku ya maandalio. Nikimaliza kusafisha kanisa napitia hapa, nitaachaje ofisi ya mtoto wangu na vumbi Sabato inaingia?"

Sikujua. Wiki zote nilikuwa nakuta sakafu safi Jumapili na sikuwahi kujiuliza nani amepiga deki. Akanisukuma na fagio, "Inua miguu," nikainua. Akapiga deki mpaka mlangoni, akapanguza dirisha, akapanguza meza, akapanguza hata kioo cha kompyuta kwa pembe ya leso yake, taratibu, kama anayefuta uso wa mtoto. Kisha akaangalia nje kwenye jua, akazima taa ya juu, akainama chini ya meza.

Nikasikia tu *tak*. Taa ya kijani ikazimika.

"Mama!"

"Nini wewe? Utaniua na mshtuko."

"Umefanya nini?"

Akasimama, ameshika mkononi waya wa seva, ameutoa kwenye ile betri kubwa. "Nimechomoa. Sabato inaingia."

"Unachomoa kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Kwani nyumbani si nachomoa redio? Si nazima simu? Hii imefanya kazi wiki nzima usiku na mchana, inatumia watu meseji. Nayo ipumzike. Na Jumapili asubuhi nikienda shambani napitia naichomeka, inaamka yenyewe. Haijawahi kukataa."

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kama ya saa ya mkono ila kubwa kidogo, na kazi yake ni kukumbuka saa wakati waya umechomolewa. Ya kwetu ilikuwa imekufa zamani, na sikuwahi kuifikiria kwa sababu waya uko kwenye ile betri kubwa siku zote, au nilidhani uko. Mama akichomoa, saa inasimama pale pale. Akichomeka Jumapili, programu inachukua saa ya mwisho iliyokuwa imeandika, inaendelea pale ilipoachia. Kwa mashine yetu Sabato ilikuwa haijawahi kuwepo. Ilikuwa inatoka Ijumaa jioni inaenda moja kwa moja kwa Ijumaa jioni.

"Mama, sikiliza. Unajua kwa nini meseji—"

Akainua mkono. Nje jua lilikuwa limebaki kipande chembamba tu.

"Hiyo ni kazi?"

"Ndiyo, lakini ni muhimu, ni kuhusu majani ya—"

"Kama ni kazi, tutaongea Sabato ikitoka."

"Mama, ni dakika moja!"

"Hata hiyo moja si yako." Akachukua ndoo. "Twende, chakula kiko kwenye moto tangu mchana."

Nimesema mambo ya kusubiri siyawezi. Basi Sabato ile niliiweza kwa nguvu tu. Nilikaa kanisani karibu na mama, mahubiri yakawa marefu, somo la mchana likawa refu, tukaimba, na mimi nina hili jambo kifuani linanichoma. Mwenyekiti alikuwa mbele na suti yake ya kijivu. Yule mjumbe wa kelele alikuwa kiti cha pili. Mama alikuwa anaimba sauti ya pili, macho amefunga. Nikawa namwangalia nikifikiria, nitamwambiaje? Kwamba yale magunia yote aliyamwaga mwenyewe? Kwamba wamama wa bondeni walikaa pale bayingi siku nzima kwa sababu ya mkono wake, mkono huo huo wa kupanguza vumbi? Asubuhi nilikuwa na hasira naye. Kufika mchana hasira ilikuwa imeisha, nimebaki na uchovu tu, na ningefurahi Sabato isitoke.

Ikatoka. Tukafunga kwa maombi sebuleni, yeye na mimi tu, akasema amina, akainuka kuwasha jiko.

"Haya," akasema akiwa amenipa mgongo. "Ile kazi yako."

Nikamwambia. Nilijaribu kulifanya dogo, nikaanza na ile betri, nikasema ni makosa ya betri, mashine ni kuukuu, fundi angeangalia. Akanisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kiberiti.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Ni betri, mama."

"Betri haina mikono." Akawasha njiti, ikaungua mpaka karibu na vidole, akaitupa bila kuwasha jiko. "Kina mama wa huku chini walikaa na mimi pale. Mmoja ana mtoto mchanga. Nikawa nawaambia mashine imeharibiwa na fundi wa tauni."

"Usiwaambie. Mimi nitarekebisha, hakuna mtu atajua."

Alikaa kwenye kale kastuli kake ka kukamulia, akaangalia mikono yake juu na chini, na kwa mara ya kwanza nikaona amechoka zaidi yangu. Mimi nilikuwa nimechoka na kompyuta. Yeye alikuwa amechoka na mlima.

Jumapili asubuhi tulienda pamoja. Nilimwambia achomeke mwenyewe. Mashine ikaunguruma, ikaamka, nikamwonyesha pembeni ya kioo.

"Soma."

Akasogea karibu akakunja macho. "Ijumaa." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Yaani hii bado haijafika kanisani!"

"Haijawahi kufika hata siku moja."

"Maskini. Na mimi nikidhani naipumzisha."

Ikabidi nifute tena, kwa sababu kuzimwa ghafla mara zote hizo kulikuwa kumeharibu vitu ndani, na programu ilikuwa inagoma kufunguka. Safari hii sikuwa peke yangu. Mama alikaa na mimi, ameleta chai kwenye thamosi na ndizi za kuchemsha. Mashine ilipouliza una uhakika, yeye ndiye alijibu, "Mwambie ndiyo." Ilipouliza tena akasema, "Kwani haisikii?" Kale kamstari kalipokwama karibu na mwisho, nikaanza kukasirika, akaniwekea kikombe mkononi. Kakaenda kalipotaka.

Na meseji niliibadilisha. Badala ya kesho tu, nikaandika siku yenyewe: lori litapita Jumatatu asubuhi, chuneni. Ni kitu kidogo, na ningekifanya tangu mwanzo ng'ombe wetu wasingeona majani meusi. Niliacha wazi mlango wa ofisi nikangoja jioni. Mama alikuwa ameshaenda. Meseji ilipotoka nilisikia kwanza simu ya mlinzi wa kanisa, halafu ya mtu barabarani, halafu kitu kimoja cha ajabu: ng'ambo ya bonde mtu akaanza kuita, kwa mazoea, lori Jumatatu! Wala hatukuhitaji, lakini aliita.

Jumatatu nilienda bayingi. Mama alikuwa wa kwanza kwenye mzani. Gunia lake lilikuwa la kijani kibichi, limelowa umande. Lilipopakiwa, hakuondoka. Alisubiri mwenyekiti amalize kuongea na dereva, akaita wamama wa bondeni wasogee, na mimi nikajua anataka kufanya nini nikaanza kumkonyeza. Hakuniangalia.

"Nataka kusema," akasema. "Ile mashine haikuharibiwa na fundi. Wala na huyu msichana. Ni mimi nilikuwa naichomoa. Kila Ijumaa. Nilitaka ishike Sabato."

Hata wapakiaji wakasimama. Mwenyekiti akatoa kofia, akaangalia ndani yake kana kwamba kuna jibu limeandikwa humo.

"Inafanya kazi mpaka siku ya Sabato?" akauliza hatimaye.

"Taa yake inawaka siku zote," mama akasema.

"Mimi sikujua." Akavaa kofia. "Ningejua, hata mimi ningechomoa."

Yule mama wa mtoto mchanga ndiye alianza kucheka, akimpiga mama begani, "Wewe! Umenikalisha hapa siku nzima ukiniambia ni fundi wa tauni!" Mjumbe wa kelele naye akajaribu kusema jambo juu ya sauti, hakuna aliyemsikiliza.

Betri nilinunua kwa fundi wa saa Kisii tauni, ni kitu cha kukaa kwenye ncha ya kidole. Lakini hata hivyo kamati iliamua mashine izimwe Sabato, na mimi sikubishana, nilikuwa nimebishana vya kutosha. Nilihamisha darasa langu kwenda siku nyingine. Ijumaa jioni naizima mimi, kwa njia yake, kutoka ndani, pole pole mpaka taa ya kijani ife yenyewe. Mama anasimama pale na tambara lake akihakikisha. Waya haugusi. Ila kuna kataa kengine kadogo kekundu nyuma, hako hakazimiki waya ukiwa umechomekwa, na kalimsumbua sana wiki ya kwanza. Alikaangalia, akaangalia jua, akaniangalia mimi.

Wiki iliyofuata alikuja na kitambaa alichoshona mwenyewe kwa uzi mweupe, kama vile vya kufunika viti sebuleni, akakitandika juu ya seva mpaka nyuma, kale kataa kekundu kakafichika, akakinyoosha pembe zote.

"Sasa," akasema, akachukua ndoo yake tukaenda.